Amri ya Kutoka

Hotuba kwa maafisa wa zimamoto waliohitimu kozi ya uongozi wa zamu

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, maafisa mnaohitimu leo, na nyinyi wazazi, wake, waume na watoto mliokuja kuwashuhudia: nawasalimu wote.

Mada niliyopewa ni pana: mbinu za kupambana na moto, uongozi, na maisha ya askari wa zimamoto. Aliyepanga ratiba hakunipa kikomo cha muda, na hilo ni jambo la hatari, maana watu wa kazi hii tukianza kusimulia matukio hata king'ora hakitunyamazishi. Nitajiwekea kikomo mwenyewe. Nitazungumzia amri moja tu, ile ya kuwaambia watu wenu watoke.

Nimeichagua kwa sababu amri ya kuingia haihitaji kufundishwa sana. Gari halijasimama vizuri, vijana wenu wameshafunga barakoa na mkono uko kwenye kitasa. Walijiunga na kazi hii ili waingie. Ukiwaambia "ingieni" utakuwa kiongozi mzuri machoni mwao tangu siku ya kwanza. Ukiwaambia "tokeni", na jengo lisianguke, mkiwa njiani kurudi kituoni hakosi mmoja wa kunung'unika kwamba moto ulibaki kidogo tu. Na huenda anasema kweli. Kifo ulichokizuia hakiachi ushahidi. Lizoeeni hilo mapema.

Nianze na tukio ambalo amri ilitolewa lakini haikufika. Tarehe 1 Julai 1988, mjini Hackensack, jimbo la New Jersey nchini Marekani, moto ulishika kwenye paa la duka la kuuza magari. Paa lile lilibebwa na kenchi kubwa za mbao zenye umbo la upinde, aina inayowezesha ukumbi mpana kujengwa bila nguzo katikati, na nafasi ya juu ya dari ilitumika kuhifadhi vitu. Kwa chini, ukumbini, mambo yalionekana ya kawaida. Moto ulikuwa juu, unakula mbao zilizoshikilia kila kitu. Mkuu wa tukio aliagiza kwa redio vikosi virudishe mipira ya maji nje. Hakuna aliyeitikia. Muda mfupi tu baadaye paa likaporomoka. Watatu walifia chini ya kifusi. Wawili walikimbilia chumba kidogo cha vifaa, wakaita msaada kwa redio mpaka hewa ikawaishia.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo, na watu wengi huchukua moja tu. La kwanza ni la ujenzi: moto ukishaingia kwenye kenchi, usiweke mtu chini yake wala juu yake, isipokuwa kama kuna uhai unaoweza kuokolewa sasa hivi. Kenchi moja ikikatika, uzito wake unahamia kwa jirani yake, ambaye naye ameshaungua. Kwa nyumba za siku hizi, zenye mbao nyembamba zilizounganishwa kwa vibati vya chuma, muda wenu ni mfupi zaidi kuliko wa majengo ya zamani yenye maboriti manene.

La pili ni la mawasiliano, nalo naliona zito zaidi. Afisa akishabonyeza redio na kusema "wote tokeni", mara nyingi moyoni anahisi amemaliza. Hajamaliza. Amemaliza pale kila kikosi kimeitikia kwa jina, kimetoka, na kimehesabiwa mtu mmoja mmoja. Humo ndani kuna kelele za maji, za glasi kupasuka, za pumzi yako mwenyewe kwenye barakoa. Mtu anaweza kuwa na redio begani na asisikie hata neno. Kwa hiyo kubalianeni kabla: amri ya kutoka inaitikiwa kwa kurudiwa, siyo kwa "sawa". Asiyeitikia anaitwa tena kwa jina la kikosi chake. Na magari yote yaliyo nje yanapiga honi ndefu kwa mpangilio unaojulikana na kila mtu, ili hata aliyeharibikiwa na redio ajue. Honi ni teknolojia ya kizamani, na sijaona bado kifaa kinachoizidi kwa kazi hiyo.

Kutoka kwenyewe, kwa njia, si kufika mlangoni. James Braidwood, aliyeunda kikosi cha zimamoto cha mji wa Edinburgh mwaka 1824 na baadaye akaongoza kile cha London, alikufa tarehe 22 Juni 1861 kwenye moto wa maghala ya Tooley Street. Hakuwa ndani. Ukuta ulimwangukia akiwa nje, katika kuwazungukia watu wake. Pimeni kimo cha ukuta, ongezeni nusu yake, na hapo ndipo mpaka wenu unapoanza. Ukuta wa mita 10 unataka mita 15. Na mkishawatoa watu, msiwaache wasimame mlangoni wakishangaa moto kama wapita njia.

Sasa, ili utoe amri ya kutoka kwa wakati, lazima uwe umeona kinachokuja. Hapa ndipo mbinu na uongozi vinapokutana. Ukifika, zunguka jengo. Ukishindwa kulizunguka kwa sababu limebanana na mengine, mtume mtu akutazamie nyuma, akuambie anachokiona. Nyumba inayoonyesha ghorofa 2 mbele inaweza kuwa na 3 nyuma ikiwa imejengwa kwenye mteremko, na hiyo ya tatu, iliyo chini, ndiyo inayowaka.

Kisha usome moshi. Raia wanaangalia miali. Nyinyi mnalipwa kuangalia moshi. Unatoka wapi, mwingi kiasi gani, una rangi gani, na zaidi ya yote unatoka kwa kasi gani. Moshi mwepesi unaopanda taratibu unakupa nafasi ya kufikiri. Moshi mzito, mweusi, unaojikunja na kusukumwa nje kana kwamba kuna anayeupuliza, unakuambia chumba kinakaribia kulipuka chote kwa pamoja. Moshi ule ni mafuta. Ni gesi ambazo hazijapata hewa ya kutosha kuungua. Joto chini ya dari likifika karibu nyuzi 600 za Selsiasi, mnururisho wake, yaani joto linalomulika kama la jua, unashuka na kuwasha kila kilichomo chumbani, kuanzia zulia hadi pazia. Hakuna vazi la zimamoto lililotengenezwa ili mtu akae humo. Lililopo linakupa sekunde chache za kutoka.

Muda wa kufikia hali hiyo umebadilika sana, na baadhi ya maafisa wakongwe hawataki kukubali. Maabara ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa bidhaa, iliwahi kuchoma vyumba vilivyolingana ukubwa, kimoja kikiwa na samani za kizamani za mbao na pamba, kingine kikiwa na za kisasa zenye sponji na vitambaa vya plastiki. Chumba cha kisasa kilishika moto chote chini ya dakika 5. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Mzee wangu aliyenifundisha kazi alikuwa na haki ya kusema "tulikuwa tunafika mapema". Nyinyi, mkiwa na magari yaleyale na barabara zilezile, mnafika wakati chumba kimeshalipuka, au kimeshamaliza hewa yake na kinangoja mtu akifungulie mlango.

Hilo la mlango lina tukio lake. Tarehe 28 Machi 1994, mtaa wa Watts Street, New York, moto mdogo uliwaka kwa muda mrefu ndani ya nyumba iliyofungwa vizuri mpaka ukakosa hewa na kufifia. Kikosi kimoja kilifungua mlango wa nyumba ile kwa chini, wakati askari watatu wakiwa kwenye ngazi za ghorofa ya juu yake. Hewa ikaingia, gesi za moto zikatoka, zikashika, na miali ikapanda ngazi zile kwa zaidi ya dakika 6. Wote watatu walipoteza maisha. Waliofungua mlango hawakufanya kitu cha ajabu. Walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya siku ile. Ndiyo maana leo tunafundisha kwamba kufungua mlango ni kuupa moto hewa, hata kama nia yako ni kuingia tu. Mweke mtu mlangoni, aurudishe nyuma ya mpira mpaka ubaki upenyo wa kupitisha mpira peke yake, na aufungue pale maji yanapokuwa yameufikia moto. Kazi ya kushika mlango haina picha nzuri gazetini. Mpe mtu makini.

Kuna ubishi wa kudumu kuhusu kupiga maji kutoka nje. Tulifundishwa kwamba ukimwaga maji dirishani unausukuma moto kwa watu walio ndani. Mwaka 2012, kwenye kisiwa cha Governors Island huko New York, kikosi cha jiji hilo na watafiti walichoma nyumba zilizokuwa zinasubiri kubomolewa, zimejaa vipimo, ili kuyachunguza mambo kama hayo. Waliona kwamba maji yaliyopigwa kwa mkondo ulionyooka, kwa pembe kali kuelekea dari, yalipooza chumba na kuboresha hali ya vyumba vingine. Kinachosukuma ni hewa. Ukifungua nozeli, yaani mdomo wa mpira, kwa mtawanyiko mpana na kuziba dirisha lote, unazuia moshi kutoka na unaingiza upepo mwingi ndani, na hapo kweli utausukuma moto kwa watu walio ndani.

Msimamo wangu ni huu: kama moto unaonekana dirishani na unaweza kuufikia kwa sekunde 15 kabla ya kuingia, upige, kisha ingia. Lita 1 ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke inameza nishati ya takriban megajuli 2.6. Kila lita inayofika mapema ni joto ambalo watu wako hawatakutana nalo kwenye korido. Lakini msije mkasema nimewaambia mzime moto mkiwa barabarani. Mtoto aliye chini ya kitanda hatolewi na nozeli ya dirishani. Anatolewa na mtu anayetambaa.

Na mtu anayetambaa anapumua. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la baa 300 una takriban lita 2,000 za hewa. Vitabu vya mauzo vinagawanya kwa lita 40 kwa dakika na kupata muda mzuri sana. Askari anayevuta mpira kupanda ngazi hutumia lita 60, 80, wengine hata 100. Fanyeni hesabu: ni dakika 20 hadi 33, na safari ya kurudi imo humo humo. Kengele ya hewa kidogo ikilia, askari awe ameshafika nje, si ndiyo aanze kutafuta mlango. Kiongozi anayesubiri kengele ndiyo imkumbushe kuwatoa watu amekabidhi uongozi wake kwa valvu.

Dalili za kutoka haziji zote kwenye kipimo. Mtafiti Gary Klein, aliyechunguza jinsi makamanda wa zimamoto wanavyofanya maamuzi, aliandika kisa cha kiongozi mmoja aliyekuwa na kikosi sebuleni wakipiga moto wa jikoni. Maji yanaingia, moto haupungui. Joto sebuleni ni kubwa kuliko linavyopaswa, na kelele za moto ni ndogo mno kwa joto kama lile. Hakuweza kueleza kilichokuwa kinaendelea. Akawatoa wote. Sakafu waliyokuwa wamesimama ikazama. Moto halisi ulikuwa chini yao. Watu hupenda kukiita kisa hiki cha ajabu, cha hisia ya sita. Mimi nakiona cha kawaida kabisa. Alikuwa na picha kichwani ya jinsi moto wa jikoni unavyoitikia maji, na kilichokuwa mbele yake hakikufanana na picha ile. Hakungoja kuelewa ndipo aamue. Nyinyi vilevile: mkipiga maji ya kutosha mahali sahihi na baada ya dakika moja hakuna kinachobadilika, basi moto hauko mnapodhani uko. Watoeni, kisha mjadili.

Haya yote ni upande wa anayetoa amri. Upande wa anayeipokea ni mgumu zaidi, na ndio unaonirudisha kituoni.

Tarehe 5 Agosti 1949, kwenye bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, askari 15 wa moto wa misitu waliruka kwa miavuli kwenda kuuzima moto ulioonekana mdogo. Mlinzi mmoja wa msitu aliungana nao chini. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alikuwa mzoefu. Redio ilivunjika wakati wa kushushwa mizigo. Moto ukaruka upande wao wa bonde, chini yao, ukaanza kupanda mteremko wa nyasi kavu kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuishinda kwa miguu. Dodge akawaamuru watupe zana wakimbie. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona: akawasha kiberiti, akachoma nyasi zilizo mbele yake, akaingia kwenye majivu ya moto wake mwenyewe, na kuwaita wamfuate walale humo. Walimpita wakikimbia. Moto mkubwa ulipofika, ulikuta pale hakuna cha kula, ukamzunguka. Wawili waliponea upenyo wa mwamba juu ya kilima. Wengine 13 walikufa.

Dodge alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloninyima raha kila ninapolifikiria tukio lile. Ujuzi alikuwa nao, akili ilitulia, uamuzi ulikuwa sahihi, na haukumwokoa yeyote ila yeye. Hawakuwa wamefanya mazoezi naye kama kikosi kimoja. Walipomwona anawasha moto mbele ya moto, walimwona mtu aliyechanganyikiwa. Kama wangekuwa wamekaa naye miezi mingi, wakamsikia akieleza kwa nini anafanya anavyofanya, wakamwona mara kadhaa akisema jambo geni na likawa kweli, pengine wangesimama. Pengine. Lakini hakuna namna ya kuijenga imani hiyo ndani ya dakika moja, moto ukiwa mita 50 nyuma yenu.

Kwa hiyo swali la uongozi wenu halitaulizwa kwenye moto. Linaulizwa leo jioni kituoni, pale unapoagiza mipira ioshwe na wewe ukaenda kukaa ofisini. Linaulizwa mnapokula. Linaulizwa pale askari mpya anapokuuliza kwa nini tunaingilia mlango wa nyuma, nawe ukamjibu, "Kwa sababu nimesema." Kwenye moto hutakuwa na nafasi ya kueleza, kwa hiyo eleza sasa, kila siku, hata kwa mambo madogo, mpaka watu wazoee kwamba amri zako zina sababu. Ukifika wakati wa kutoa amri isiyo na maelezo, watakupa ile sababu kwa mkopo.

Nina tatizo na maafisa wanaofoka. Wapo wanaoamini sauti kubwa ndiyo nidhamu. Afande anayefoka kuhusu viatu, akafoka kuhusu chai, akafoka kuhusu foleni ya barabarani, siku akifoka "tokeni!" atasikika kama siku zote. Iwekeni akiba sauti yenu. Vilevile, mnapokaa kujadili tukio baada ya kurudi, aanze kuzungumza mwenye cheo cha chini. Mkuu akianza, wengine wote watakuwa mashahidi wake. Mara nyingi aliyeshika mpira wa mwisho kabisa ndiye aliyeona dari likianza kulegea, na hakusema kwa sababu alidhani wakubwa wameshaona.

Kuna upande wa pili wa imani hiyo, ambao ni mchungu. Tarehe 3 Desemba 1999, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, ghala la zamani la barafu lililoachwa tupu lilishika moto. Jengo kubwa, madirisha karibu hakuna, kuta zimepigwa matabaka ya kuhifadhi baridi yanayowaka kama mafuta. Askari wawili walipotea ndani, hewa ikiwapungukia, wakaomba msaada. Wengine wanne walioingia kuwatafuta nao wakapotea. Wenzao wakawa wanajipanga chini ya ngazi, wote wanataka kupanda. Ndipo Mike McNamee, mmoja wa wakuu waliokuwepo, aliposimama kwenye ngazi zile na kuwazuia. Hakuna atakayepanda tena. Watu sita wako juu, anawafahamu, na anajua maana ya anachokisema. Walimtii. Sita wale hawakupatikana wakiwa hai.

Mimi nimekutana na maafisa wengi wanaokifahamu kisa hiki na wanaosema wangefanya vilevile. Wanasema kwa urahisi mno. Fikirini mnamwambia rafiki wa mtu aliye ndani kwamba hataenda. Fikirini mnakwenda kuzika, na ndugu wa marehemu wako mstari wa mbele. Ukiwa kiongozi wa zamu, uwezekano wa kufanya uamuzi kama huo upo ndani ya cheo ulichopewa asubuhi hii, na familia zilizokaa hapa zina haki ya kulijua hilo. Kinachoweza kuwasaidia ni utaratibu uliowekwa kabla: kikosi cha uokoaji kilichovaa tayari, kimesimama nje, hakina kazi nyingine yoyote isipokuwa kumfuata askari aliyepatwa na shida. Bila kikosi hicho kila mtu aliye karibu anageuka mwokoaji, na wanaohitaji kuokolewa wanaongezeka.

Amri ya kutoka wakati mwingine haiwahusu watu wetu kabisa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la makazi la Grenfell Tower, London, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, lilishika moto kupitia vibao vya alumini vyenye plastiki ndani yake vilivyofunika kuta zake nje. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Mwongozo wa majengo ya aina ile uliwataka wakazi wabaki ndani ya nyumba zao, kwa dhana kwamba moto hautatoka nyumba moja kwenda nyingine. Kwa miaka mingi dhana hiyo ilikuwa sahihi na iliokoa watu. Usiku ule moto ulishapanda ukuta mzima, na agizo la kubaki ndani halikufutwa mpaka saa 8:47. Tume iliyochunguza ilisema lingeweza na lilipaswa kufutwa kati ya saa 7:30 na saa 7:50. Watu 72 walikufa.

Ni rahisi kuwalaumu maafisa wa usiku ule. Walikuwa mbele ya jengo ambalo halikupaswa kuwaka namna ile, na hawakuwa wamefundishwa jinsi ya kulitoa jengo zima watu. Hawakuwa na hatua ya pili mkononi. Ndiyo maana nawaomba, kila mnapoweka mpango, uandikwe na sentensi inayoanza na neno "mpaka". Wakazi watabaki ndani mpaka moto uonekane kwenye ghorofa ya pili kutoka ulipoanzia. Tutapigania ndani mpaka moto uingie kwenye kenchi. Mpango usio na "mpaka" wake utafuatwa hata ukiwa umeshakufa, kwa sababu hakuna aliyepewa ruhusa ya kuuzika.

Nimalizie na afya, kwa haraka kidogo, ingawa ndiyo inayotuua wengi zaidi ya mapaa yote. Marekani, kwa miaka mingi, karibu nusu ya askari wa zimamoto wanaofia kazini wameuawa na moyo. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi yetu yenyewe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye asbesto na moshi wa sigara. Bado tunao vijana wanaojivunia helmeti nyeusi kwa masizi. Masizi yale yanaingia kwa ngozi ya shingo na mapaja. Kiongozi anayevua barakoa wakati wa kufukua majivu kwa sababu miali imeisha anawafundisha watu wake kuvuta sumu. Vaa mpaka mwisho, jisugue kwa maji na sabuni palepale kabla ya kupanda gari, na nguo chafu zisiingie chumba cha kulala wala zisifike nyumbani kwa watoto.

Na mtoeni mtu anayechoka. Akimaliza mtungi wa pili, akae chini, anywe maji, apimwe mapigo. Hatakuomba. Atakuambia yuko sawa huku mikono inatetemeka. Hapo ni amri ileile ninayoizungumzia tangu mwanzo, na anayeitoa ni wewe. Inamhusu pia yule ambaye tangu lile tukio la watoto halali, anakuja zamu mapema kuliko wote na anakunywa kuliko alivyokuwa. Usimwambie ajikaze. Mwite pembeni, mketi, na mtafutie mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo. Mumkalie zamu yake wakati hayupo, bila maneno.

Mkuu wa chuo ameniruhusu nitangaze ratiba ya mchana. Baada ya chakula kutakuwa na zoezi kwenye jengo la mafunzo. Kila mmoja wenu atasimamia tukio mara moja, na kila mmoja atalazimika kuwatoa watu wake kabla kazi haijaisha. Redio moja kati ya zile mtakazopewa nitakuwa nimeizima, na sitasema ni ipi. Honi za magari zimejaribiwa asubuhi, zinafanya kazi. Njooni na mitungi iliyojaa.

Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa waanze waliokaa nyuma.